Chenga kwanza, king'amuzi baadaye: shajara ya maabara ya mawasiliano

Kabla ya kuanza

Mwaka jana niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme somo la mifumo ya mawasiliano kwa kufuata mtaala hatua kwa hatua: Fourier (hesabu za kuchambua mawimbi), AM na FM (njia mbili za redio kubeba sauti), PCM (sauti kugeuzwa namba), mtihani. Walifaulu. Muhula ulipokwisha nikakutana na mmoja wao kituo cha daladala, kijana aliyepata alama za juu kabisa, nikamuuliza kwa utani: kwa nini redio ya babu yako ikikosa mawimbi hukwaruza, lakini simu yako ama inasikika ama inakata? Akafikiri, akanitajia mlinganyo wa wimbi la AM. Mlinganyo ulikuwa sahihi. Swali halikujibiwa.

Kwa hiyo mwaka huu nimeomba Jumanne na Alhamisi alasiri kwa wiki nane, nipindue mpangilio. Wataanza na mawimbi yaliyoharibika. Watasikiliza, watapima, na hesabu zitakuja pale zitakapokuwa na kazi ya kufanya. Wanafunzi ni 24, makundi sita. Niliwaambia kila kundi lijipe jina la kiumbe chenye sauti: tuna Kunguru, Popo, Chiriku, Bundi, Chura na Nyenje.

Sharti ni moja. Hatuna leseni ya kurusha chochote hewani, na masafa si kiwanja cha mtaani kwamba anayewahi ndiye anayecheza. Kila tutakachorusha kitapita kwenye waya au kwenye mwanga. Kusikiliza tutasikiliza.

Wiki ya 1, Jumanne

Nimebeba TV ya chogo kutoka nyumbani, deki ya kanda ambayo bado inafanya kazi (nani angeamini), king'amuzi cha antena na TV bapa ya maabara.

Swali la kwanza: nani amewahi kuona chenga, zile nukta zinazocheza kwenye TV mawimbi yakiwa dhaifu? Mikono tisa. Nikapiga hesabu ya umri wao. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, wakati wengi wao walikuwa darasa la pili au la tatu. Walioinua mikono wengi ni wa mikoani, ambako uzimaji ulifika baadaye.

Deki ina tundu la kutoa picha ikiwa imeshapandishwa kwenye masafa ya TV. Tukapitisha waya huo kwenye mlolongo wa rezista nilioutengeneza ili kupunguza nguvu ya mawimbi kidogokidogo. Kwanza rangi zikapauka, halafu zikatoweka kabisa. Kisha chenga zikaanza, chache, nyingi, nyingi zaidi. Sauti ikaanza kuvuma. Hata picha ilipofunikwa karibu yote bado tuliona kuwa kuna mtu amesimama na anapunga mkono.

Tukahamia kwenye king'amuzi. Chura akaizungusha antena taratibu. Picha safi. Safi. Safi. Nyuzi chache zaidi, uso wa mtangazaji ukakatika vipande vya mraba, ukaganda, na kioo kikatuambia hakuna mawimbi. Hakukuwa na hatua ya katikati.

"Mwalimu, kumbe ile ya zamani ilikuwa inatuaga," akasema binti wa kundi la Nyenje. Jirani yake akajibu: "Na hii inakufa bila kuugua." Nimeyaandika yote mawili kwenye kona ya ubao na kuweka alama ya USIFUTE. Wiki nane hizi ni za kueleza sentensi hizo mbili kwa namba.

Neno king'amuzi nalipenda kuliko maneno mengi tuliyotungiwa kwa ajili ya teknolojia. Kifaa kile hakiisafishi picha. Kinang'amua: kwa kila biti kinaamua kama ni sifuri au moja, na kikishaamua, kelele iliyokuwa imepanda juu ya biti ile inatupwa. Maadamu kinaamua sawasawa, picha ni safi kama ilivyotoka studio. Kikianza kukosea kuliko kinavyoweza kurekebisha, hakina cha kukuonyesha.

Wiki ya 1, Alhamisi

Kariakoo. Taa za LED, transista, ampilifaya ndogo za LM386, spika, betri za volti 9, paneli ndogo za sola zilizotolewa kwenye taa za bustani. Daiodi za germaniamu (vipitisha umeme upande mmoja tu, vya redio za zamani) hakuna duka lililonazo. Muuza duka mmoja alicheka, akaniuliza kama ninatengeneza jumba la makumbusho.

Wiki ya 2, Jumanne

Mnyororo wa kwanza: simu inapiga wimbo, transista inachezesha mwanga wa LED kufuata sauti, paneli ya sola upande wa pili wa meza inaupokea, ampilifaya, spika. Hakuna biti hata moja hapa. Mwanga ni mfano wa sauti, unapanda na kushuka pamoja nayo, na hiyo ndiyo maana nzima ya analojia.

Chura waliunganisha sauti moja kwa moja kwenye LED. Ikatoka sauti ya mtu anayeongea ndani ya debe. Nikawaachia dakika 20. Walichogundua: LED haiwezi kuwa na mwanga chini ya giza. Nusu ya chini ya wimbi la sauti ilikuwa inakatwa. Wakaiongezea mkondo wa kudumu, LED ikawa inawaka kwa kiasi hata kukiwa kimya, na sauti ikawa inaongeza na kupunguza kutoka hapo. Wimbo ukanyooka. Kisha, kama ilivyo ada ya vijana, wakapandisha sauti ya simu hadi mwisho, na debe likarudi.

Hapo ndipo nilipoandika *m* ubaoni, kina cha modulesheni, yaani sauti inauchezesha mwanga kwa kiasi gani, na kusema kisizidi 1. Hakuna aliyeuliza itatumika wapi.

Wiki ya 2, Alhamisi

Siku niliyoisubiri bila kuipanga.

Makundi yote sita yalikuwa na lalamiko moja: mvumo. Nyuma ya wimbo kuna *mmmm* ya chini isiyokoma. Popo walilaumu ampilifaya, wakaibadilisha. Kunguru walilaumu nyaya ndefu, wakazikata. Chiriku walilaumu paneli. Mtu mmoja, sitamtaja, alilaumu maandalizi ya mwalimu. Mimi nilijua, nikakaza mdomo.

Saa tisa na dakika arobaini umeme ukakatika. Taa za dari zikazima, feni zikaanza kupungua mwendo, na kwa kuwa vifaa vyetu vyote vinatumia betri, nyimbo sita ziliendelea kupiga gizani. Safi. Mvumo umekufa katika spika zote kwa sekunde moja.

Kimya kidogo, halafu Bundi wote kwa pamoja: "Ni taa!"

Umeme uliporudi baada ya kama dakika kumi na tano, hakuna aliyeshangilia. Walikimbilia osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi kwenye kioo. Waliona mwanga wa dari unapanda na kushuka kila milisekunde 10, yaani mara 100 kwa sekunde. Ubishi ukaanza: umeme wetu ni hezi 50, mizunguko 50 kwa sekunde, hizi 100 zimetoka wapi? Mvulana wa Kunguru alichora wimbi la umeme, akaweka nukta juu ya kilele cha chanya na nyingine kwenye kilele cha hasi: taa haijali mkondo unaelekea wapi, inawaka mara mbili kwa kila mzunguko.

Nimefundisha kelele kwa miaka kadhaa kama herufi N kwenye mlinganyo. Sijawahi kuiona ikitafutwa na darasa zima namna hii, mpaka na jina lake na anwani.

Wiki ya 3

Jumanne tulihamia kwenye waya: wimbi beba (wimbi la kasi linalobebeshwa sauti) la kilohezi 500 kutoka kwenye jenereta ya mawimbi, sauti juu yake, daiodi, kapasita (kihifadhi chaji), rezista ya kiloomu 10, spika. AM kama ilivyo. Kazi ya kila kundi ilikuwa kuchagua kapasita kwa sikio. Kwa pikofaradi 100 wimbi beba linapita karibu lote. Kwa mikrofaradi 1, kapasita haipati nafasi ya kujimwaga, sauti inasikika kama imefunikwa mto. Wengi waliishia nanofaradi 2.2. Tukazidisha na rezista, tupate muda wa kapasita kujimwaga: mikrosekunde 22. Mzunguko mmoja wa wimbi beba ni mikrosekunde 2, na wa sauti ya juu kabisa tuliyoitumia, kilohezi 5, ni mikrosekunde 200. Masikio yao yalikuwa yameangukia katikati.

Hesabu ya nguvu iliwaudhi. Hata *m* ikiwa 1, theluthi mbili za nguvu ya mtambo zinakwenda kwenye wimbi beba ambalo lenyewe halina habari yoyote. "Tunalipia lori kuliko mzigo," alisema mmoja. Ndiyo, na faida yake ni kwamba mpokeaji anaweza kuwa daiodi moja ya bei ya maandazi. Mtambo mmoja ghali, wasikilizaji milioni wenye redio rahisi. Waliochagua AM hawakuwa wajinga.

Alhamisi tulikwenda Buguruni kwa mzee mmoja anayetengeneza redio tangu kabla sijazaliwa. Nilipeleka wawakilishi sita tu, kibanda chake hakimezi zaidi. "Shikamoo mzee." "Marahaba wajukuu zangu, nani kaharibu nini?"

Alifungua redio ya zamani na kuwaonyesha vikopo vya koili: chekundu cha oselita, cha manjano, cheupe, cheusi. Kila stesheni unayochagua, alisema, redio inaishusha hadi 455 kwanza, halafu kazi yote inafanyikia hapo. Kilohezi 455. Mitaala huandika kurasa nne kwa jambo hilo. Akachukua bisibisi ya plastiki (ya chuma inaivuruga koili, akaonya), akageuza kikopo cha manjano robo mzunguko, na stesheni ikazama kwenye mkwaruzo. Akarudisha, ikaibuka. Anafanya kwa sikio, macho yakiwa kwa mteja aliyekuwa mlangoni.

Aliwauliza wao swali: kwa nini redio inaikuza sauti kwenye 455 badala ya kuikuza kwenye masafa ya stesheni yenyewe? Binti wa Nyenje alijibu kwamba kichujio kimoja kilichokaa mahali pamoja ni rahisi kukinyoosha kuliko kichujio kinachohama na kila stesheni. Mzee akamtazama, akafungua droo, akampa daiodi mbili za germaniamu alizozifungua kwenye mzoga wa redio. Kwa shilingi elfu moja, lakini alimpa.

Tumezipima maabara. Ya silikoni inaanza kupitisha karibu na volti 0.6, ya germaniamu nusu yake hivi. Kwa mawimbi dhaifu tofauti inasikika wazi.

Wiki ya 4

Sampuli: kulipima wimbi kwa vipindi na kubaki na namba tu. Niliogopa wiki hii kuliko zote, maana hapa ndipo mwaka jana nilipowapoteza.

Mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, na upande wa kutoka kuna ngazi ya rezista ya biti 8, inayogeuza namba kuwa volti tena, tuliyoichomelea lehemu wenyewe, rezista za thamani mbili tu, moja ikiwa maradufu ya nyingine. Kunguru wakaingiza mlio kutoka kwenye jenereta, wakaanza kuupandisha. Hezi 1,000, 2,000, 3,000, mlio unapanda. Walipovuka 4,000 mlio ukaanza kushuka. Walipofika 7,000 spika ilikuwa inalia 1,000.

Wakaniita: jenereta imeharibika. Tukaiunganisha kwenye osiloskopu, iko 7,000 barabara. Wakabadilisha jenereta. Ileile. Ukafuata utulivu wa watu wanaokaribia kuelewa jambo wasilolipenda.

Nikawapa karatasi ya mraba, nikawaambia wachore wimbi la 7,000 na waweke nukta 8,000 kwa sekunde, kisha wachore wimbi lingine lolote linalopita kwenye nukta hizohizo. Linapita la 1,000. Nukta hazina namna ya kujua lipi ni lipi. Harry Nyquist wa kampuni ya simu ya Bell, Marekani, aliandika kuhusu mipaka ya namna hii mwaka 1928 akiwa na telegrafu akilini, na Claude Shannon akaifunga hoja kwa uthibitisho miaka ya 1940. Simu za mezani zikachagua 8,000 kwa sababu sauti ya kuzungumza inatosha ndani ya hezi 3,400: sampuli 8,000 mara biti 8 ni biti 64,000 kwa sekunde, na njia 32 za namna hiyo zikifungwa pamoja unapata megabiti 2.048, ule mfereji ambao mafundi wa mitambo ya simu wanauita E1. Wanafunzi watatu wana ndugu kwenye kampuni za simu. Walikuwa wamelisikia jina hilo mezani bila kujua linatoka kwenye hesabu hii.

Dawa ni kuchuja kabla ya sampuli. Rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya nanofaradi 10, mpaka wake ni kama hezi 3,390. Wakajaribu tena 7,000: mzimu wa 1,000 bado unasikika, umefifia tu. Hatua moja ya RC (rezista na kapasita) inapunguza desibeli 7 hivi mahali pale, nguvu ibaki kama moja ya tano. Wakaweka hatua ya pili, ya tatu. Chiriku waliuliza kwa nini vitabu vinachora kichujio kama ukuta uliosimama wima. Nami najiuliza.

Alhamisi ilikuwa ya kucheka. Ngazi ya biti 8 ina nyaya nane. Tukapiga hotuba, tukaanza kuhamishia waya mmojammoja kwenye ardhi kuanzia biti ndogo. Zikibaki saba, sita, hakuna tofauti kubwa. Nne, mchanga unaanza kumwagika nyuma ya sauti. Kila waya unaotolewa ni desibeli 6 hivi, na mchanga huu haukutoka hewani, tumeutengeneza wenyewe kwa kukadiria. Ulipobaki waya mmoja, sauti ikawa ya kutisha, sifuri na moja tu, lakini maneno yaliendelea kueleweka. Hawakuamini. Walirudia kwa taarabu, haikueleweka kitu. Kwa hotuba inaeleweka.

Wiki ya 5

Sasa biti kwenye mwanga. LED inawaka na kuzimika, upande wa pili fotodaiodi (kihisi cha mwanga) ndogo ya BPW34 badala ya paneli ya sola. Paneli ilikuwa nzito kuitikia: eneo lake kubwa linaifanya iwe kama kapasita kubwa, na pembe za biti zilifika zimeviringika kama sabuni iliyotumika.

Jumanne ilipotea karibu yote. Bundi waliandika HABARI, ikafika takataka. Asubuhi walipojaribu ofisini kwangu kwenye kiyoyozi ilifika sawa. Baada ya saa mbili za kubadilisha kila kitu nikagundua walitumia chipu tupu ya mikrokontrola, ATmega328P, inayojiendesha kwa saa yake ya ndani, si bodi yenye rezoneta, kipande cha nje kinachoshika mapigo ya saa. Saa hiyo ya ndani inatoka kiwandani ikiruhusiwa kukosea hadi asilimia 10, na inayumba na joto. Kila herufi ni biti kumi ukijumlisha ya kuanza na ya kumaliza. Pande mbili zikitofautiana kwa asilimia 5 hivi, kufikia biti ya mwisho mpokeaji anachungulia chumba cha jirani. Kristali mbili za kushika mapigo, moja kila upande, zikamaliza ugomvi. Nimeandika kosa hili hapa kwa sababu ni langu: mimi ndiye niliyewapa chipu zile.

Alhamisi shida ya pili, tamu zaidi. Chura walituma herufi U mfululizo, zikapita zote. Wakatuma sifuri mfululizo, zikapotea. U kwa biti ni 01010101, wimbi linalobadilika kila mara. Sifuri nyingi ni giza refu, na kwa kuwa mpokeaji wao ana kapasita njiani (waliiweka kuzuia mwanga wa mchana), giza refu linageuka kuwa "sijui". Mstari wa kuamulia unaelea. Juu yake wanapanda wale hezi 100 wetu wa dari, ambao sasa wanafahamika kwa jina la "wapangaji".

Mapendekezo yalikuwa mengi: kuzima taa (nimekataa, nje ya maabara hakuna swichi ya jua), kufunika kwa boksi, kutuma biti ya moja mbele ya kila biti ya sifuri ili kumwamsha mpokeaji. Hilo la mwisho lilitoka kwa Popo, na bila kujua walikuwa wamekaribia msimbo wa Manchester, ambamo kila biti inabeba badiliko ndani yake: kushuka ni biti hii, kupanda ni ile. Wakauandika wenyewe. Gharama yake ni upana wa masafa maradufu, wakaikubali.

Lakini kijana mmoja wa Chiriku alikuwa anacheza na rimoti ya king'amuzi, ameielekeza kwenye kamera ya simu na kuangalia kile kitaa cha zambarau. "Mwalimu, hii inafanya kazi sebuleni, taa zimewaka na dirisha liko wazi. Inawashindaje wapangaji?"

Tukaifunga kwenye osiloskopu. Kila kinachoonekana kama mwako mmoja ni mimweko mingi ya haraka, karibu 38,000 kwa sekunde. Mpokeaji ndani ya king'amuzi amefungiwa kichujio cha 38,000 na hasikii kingine. Jua halimweki 38,000. Taa ya dari inamweka 100. Mwako wa kwanza ni milisekunde 9, pengo la 4.5, halafu biti 32, ambamo amri inatumwa kisha inarudiwa ikiwa imegeuzwa, sifuri kuwa moja na moja kuwa sifuri, ili mpokeaji alinganishe. Wimbi beba, kichujio, biti na ukaguzi wa makosa, vyote kwenye kitu wanachokigombania na wadogo zao kila jioni. Nimekaa na rimoti mkononi miaka yote hii sikuwahi kufikiria kuileta darasani.

Wiki ya 6

Jumanne hatukufanya kitu, majaribio ya muhula.

Alhamisi tulipanda paa la jengo na kidude cha USB cha kupokelea TV, cha aina ile yenye chipu ya RTL2832U ambayo tangu 2012 watu wameigeuza kuwa redio ya programu, ambayo kazi ya kuchuja na kung'amua inafanywa na kompyuta. Stesheni za FM kwanza. Walizoea kuona stesheni kama namba. Hapa waliiona kama mlima wa upana wa karibu kilohezi 200, unaotikisika na muziki na kusinyaa mtangazaji anapovuta pumzi. Tulipoifungua ndani kulikuwa na mwiba uliosimama kwenye kilohezi 19, stereo imepanda kwenye 38, na kwenye 57 biti za RDS zinazoandika jina la stesheni kwenye redio za magari. Dijitali imepanga chumba ndani ya nyumba ya analojia.

Kisha megahezi 1,090, masafa ya ndege. Antena ni waya wa sentimita 6.9, robo ya urefu wa wimbi, na kuukata tuliukata kwa rula. Ndege hutangaza zenyewe utambulisho, mahali na kimo kwa vifurushi vya biti 112, kila biti mikrosekunde moja, biti 24 za mwisho zikiwa za ukaguzi. Kwa dakika tano hatukupata kitu. Halafu mstari ukatokea unaoanza na ATC, Air Tanzania, na mtu akapiga kelele akinyooshea kidole upande wa Ukonga: ile pale inashuka! Walitazama kioo, wakatazama angani, wakatazama kioo. Nimewapa dakika za ziada.

Wiki ya 7

Makosa. Tulishusha mwendo hadi biti 300 kwa sekunde ili tuweze kuziharibu biti kwa mkono.

Kwanza kila biti ikatumwa mara tatu, wengi wape. Inafanya kazi, na inakula theluthi mbili za njia. Kisha msimbo wa Richard Hamming wa mwaka 1950: biti nne za habari, tatu za ulinzi, na biti yoyote moja kati ya saba ikigeuka mpokeaji anajua ni ipi. Nyenje waliufanya kwa vizibo vya soda mezani kabla ya kuandika programu, duara tatu za chaki zinazopishana, na kila mmoja aliyepita aliombwa ageuze kizibo kimoja kwa siri. Walimkamata kila mtu, mpaka mhadhiri aliyepita kuomba projekta.

Kisha nikapitisha penseli mbele ya mwanga. Hamming akaanguka. Penseli haigeuzi biti moja hapa na moja pale, inafuta sita kwa mpigo. Bundi walikasirika kama nimecheza rafu.

Nikawauliza nani ameona bibi akisuka mkeka. Ukili mmoja haukai mahali pamoja, unapita kila upande. Cheche ikiunguza tundu, kila ukili umepoteza kidogo na hakuna uliokwisha. Wakaweka maneno saba ya Hamming katika mistari saba, wakayatuma safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Penseli ikipita inafuta biti sita, lakini ni biti moja moja kutoka maneno sita, na neno moja halikuguswa. Yote saba yakasomeka. Gharama yake ni kusubiri: huwezi kusoma neno la kwanza mpaka mkeka mzima ufike. Mtu akauliza kama ndiyo sababu king'amuzi huchelewa kidogo unapobadilisha chaneli, na goli la jirani mwenye redio hushangiliwa kabla ya letu. Ni sehemu ya sababu, nikamwambia, ziko na nyingine.

Wiki ya 8

Ukumbi mrefu wa ghorofa ya pili, mchana, taa zimewashwa makusudi. LED ileile, lenzi ya kusomea mbele yake, mpokeaji kwenye kiti cha magurudumu anayerudi nyuma mita moja moja. Mara ya kwanza analojia, msomaji anasoma habari za gazeti. Mara ya pili biti tupu. Mara ya tatu Manchester na Hamming iliyosukwa.

Analojia: mvumo unasikika tangu mita 4, unakera mita 9, na mita 14 bado tuliokota neno moja moja, "waziri", "shilingi". Biti tupu: kamili hadi mita 8, mita 9 makosa kila mstari, mita 10 hakuna. Iliyosukwa: kamili mita 8, kamili 10, kamili 12, mita 13 kimya. Hatukupata hata herufi moja ya kuagia.

Popo walichora mistari mitatu kwenye karatasi moja na kuibandika ubaoni chini ya zile sentensi mbili za wiki ya kwanza. Mstari mmoja unateremka kama mlima wa Kitonga, miwili inaishia kama ukingo wa bati.

Swali la kituo cha daladala nimeliweka kwenye mtihani, namba 1, bila mlinganyo wowote. Nimesahihisha 24. Wanne wameandika mlinganyo hata hivyo.

Vya kununua kwa mwaka ujao: kristali 12, fotodaiodi 10, boksi moja la betri, saa nzuri zaidi ya kupima ucheleweshaji. Chipu tupu zisirudiwe. Mzee wa Buguruni aulizwe kama atakubali kuja chuoni, na nani atamlipa nauli. Nyenje wameomba TV ya chogo ibaki maabara. Mke wangu amekubali kabla sijamaliza kuuliza.